Mawe Yasiyochongwa ya Thimlich

Jiwe la porini halikuumbwa kwa ajili ya ukuta. Tofali lina pande sita na kila upande una kazi yake, lakini jiwe la porini lina tumbo hapa na mgongo pale, pembe moja imevunjika zamani na nyingine imelainishwa na mvua. Fundi wa leo ukimletea lori la mawe ya namna hiyo atayatupa kwenye msingi, ayafunike kwa zege, kisha aanze kujenga juu yake kwa mawe ya machimbo yaliyochongwa. Waliojenga Thimlich Ohinga hawakuwa na zege, hawakutumia udongo kugandisha, na hawakuchonga. Waliyachukua mawe kama yalivyolala wakayapanga mpaka yakashikana. Wataalamu wa mambo ya kale wanakadiria kwamba kazi hiyo ilifanyika karne ya 16, na sehemu kubwa yake ingali imesimama.

Thimlich iko Kadem, kaunti ya Migori, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Ukitokea Homa Bay unapitia Rod Kopany na Mirogi. Jina lake kwa Kijaluo ni la msitu mnene wa kutisha, na ukiona vichaka vinavyozunguka mawe hayo msimu wa mvua hutauliza jina lilitoka wapi. Pale kuna maboma makubwa manne: Kochieng, ambalo ndilo kuu, kisha Kakuku, Koketch na Kolouch. Si maboma pekee ya aina yake. Katika eneo lililokuwa likiitwa Nyanza Kusini wachunguzi wamehesabu maboma ya mawe zaidi ya 500, yaliyotawanyika katika sehemu zaidi ya 130, lakini mengi yamebaki vilima vya kifusi. Thimlich ndiyo kubwa kuliko yote na ndiyo iliyohifadhika vizuri zaidi. Mwaka 2018, UNESCO ilipokutana Manama, Bahrain, iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Watu wengi huita mahali hapa ngome. Sikatai, ukuta ulijengwa kwa ajili ya ulinzi. Lakini ukisema ngome, msomaji wa pwani anafikiria Fort Jesus, mizinga na askari wa kulipwa. Hapa hapakuwa na askari. Palikuwa na nyumba, zizi, mawe ya kusagia nafaka, na mwamba uliochimbwa vishimo vya bao. Ni makazi ya wafugaji na wakulima ambao walijua kupanga mawe kuliko mtu yeyote niliyewahi kuona kazi yake katika Kenya bara.

Sasa tuuangalie ukuta wenyewe, kwa utaratibu, maana ni kazi isiyotaka haraka hata katika kuitazama.

Unene wake ni kati ya mita moja na tatu, na kimo chake kinaanzia mita moja hivi hadi kupita nne. Kwa macho unaona uso mmoja tu, lakini ukuta umejengwa kwa sehemu tatu. Kuna uso wa nje, uliopangwa kwa mawe makubwa yaliyogeuziwa upande bapa kwa mtazamaji. Kuna uso wa ndani, uliopangwa vivyo hivyo. Katikati kuna mawe madogo zaidi, na hapa ndipo fundi mzuri anapojitenga na fundi wa ovyo. Fundi wa ovyo angemwaga kokoto katikati kuziba pengo. Kokoto huteremka polepole, mwaka baada ya mwaka, zikajikusanya chini na kuusukuma uso wa nje mpaka ukuta ukaota kitambi, na siku moja ukapasuka. Mafundi wa Thimlich walipanga hata katikati. Vijiwe vimeingizwa vikiuma huku na huku, vinaushika uso wa nje na vinaushika uso wa ndani, hivi kwamba pande hizo mbili haziwezi kuachana.

Kanuni ya kupanga ni moja na ni rahisi kuisema: jiwe la juu likalie mawe mawili ya chini. Usiache mshono ukashuka moja kwa moja. Mshono ukishuka kutoka juu hadi chini, ukuta huo umeshapasuka, kilichobaki ni siku tu. Fundi wa matofali anaifuata kanuni hii bila kufikiri kwa sababu matofali yake yanalingana. Anayejenga kwa mawe ya porini hana mawili yanayolingana. Kila jiwe ni swali jipya. Inabidi alinyanyue, aligeuze, alijaribu kwa tumbo, alijaribu kwa mgongo, na likikataa asililazimishe. Aliweke kando, kwa sababu mahali pake patatokea baadaye, labda jioni hiyo, labda wiki ijayo. Muulize fundi yeyote wa mawe wa Rongo au Ndhiwa, atakwambia kwamba nusu ya kazi ni kukumbuka mawe uliyoyakataa.

Na likikubali? Hata hapo kazi haijaisha. Sogea karibu na ukuta wa Kochieng, uso wako uwe shubiri moja kutoka kwenye mawe, utaona vijiwe bapa vilivyopenyezwa chini ya mawe makubwa, vingine si vikubwa kuliko kiganja cha mtoto. Hizo ni kabari. Jiwe kubwa lilipowekwa lilicheza, likatafutiwa kijiwe cha kulituliza pembe moja. Ukiving'oa vijiwe hivyo kwa kuchezea, kama wafanyavyo watoto wa shule na watu wazima wasio na adabu, huoni chochote siku hiyo. Ukuta hauanguki. Ila jiwe kubwa linaanza kutikisika kidogo kila mvua inaponyesha, na lile la juu yake linafuata.

Kitu kingine cha kutazama ni kile kisichokuwepo: hakuna kona. Ukuta wote umepinda. Kwenye ujenzi wa mawe makavu kona ndipo udhaifu unapoanzia, kwa sababu hapo kuta mbili zinakutana na mawe yake yanatakiwa yachongwe vizuri ili yashikane. Ukuta uliopinda hauna pa kuanzia kuachia; kila sehemu inaegemea jirani yake. Palipohitaji nguvu zaidi, walitegemeza ukuta kwa mawe ya ziada yaliyopangwa kuuegemea. Sijui kama kuna chuo cha uhandisi kinachofundisha jambo hilo vizuri kuliko mzunguko wa Kochieng.

Halafu kuna lango. Fundi wa leo angetengeneza linta: mbao za boksi, nondo nne, zege, siku kadhaa za kumwagilia maji. Wao walitafuta mawe marefu, wakayalaza juu ya mlango kutoka ukuta hadi ukuta, moja nyuma ya jingine kufuata unene wote, kisha wakaendelea kupanga juu yake. Jiwe refu ni jambo la hatari. Linaweza kubeba uzito mkubwa sana likikandamizwa, lakini likipindishwa huvunjika ghafla bila kutoa onyo. Kwa hiyo mlango ni mwembamba. Ni mfupi pia, na kuupita inabidi uiname. Mgeni mwema akiinama amesalimu. Mwizi wa ng'ombe akiinama ameingiza kichwa kwanza, peke yake, mikono haiko tayari, na ndani kuna mtu anamsubiri. Karibu na lango pana mahali palipoinuliwa kwa mawe, pa mlinzi kusimama na kuona nje. Hivyo upungufu wa jiwe ukageuzwa kuwa silaha. Sijaona mfano bora wa fundi anayekubali kile anachoweza kufanya na kukitumia mpaka mwisho.

Watu hupenda kuilinganisha Thimlich na Zimbabwe Kuu, na mara nyingi Thimlich hutoka kwenye mashindano hayo ikiwa mdogo wa familia. Ulinganisho huo hauwatendei haki mafundi wa hapa. Matale ya kule Zimbabwe yana tabia ya kupasuka kwa mabamba, na wajenzi waliyasawazisha wakapata mawe yanayokaribia kuwa matofali. Wakayapanga kwa mistari iliyonyooka na hata kuyatia mapambo. Ni kazi ya kifalme, na inapendeza. Lakini kupanga mawe yaliyolingana ni jambo moja, na kupanga mawe yasiyofanana ni jambo jingine kabisa.

Ukuta huo ulitenganisha nini na nini? Jibu jepesi ni kwamba ulitenganisha nyumbani na porini. Ndani kulikuwa na moto, watoto na ng'ombe. Nje kulikuwa na chui, fisi na wavamizi. Jibu hilo lina ukweli, lakini limesahau shamba. Shamba halikuwa ndani ya ukuta. Hakuna mtu angebeba mawe yote hayo kuzungushia mtama na wimbi. Shamba lilikuwa nje, kati ya lango na kichaka, mahali ambapo binadamu alishinda mchana na nguruwe mwitu akashinda usiku. Ukitazama hivyo, unaona kwamba ardhi iliyolimwa haikuwa kinyume cha pori. Ilikuwa mpaka wa pili, ulio laini, unaosogea kila msimu: mwaka wa nguvu kazi unapanuka, mwaka wa maradhi au vita unarudi nyuma. Ukuta wa mawe ulisimama pale ambapo watu walisema hapa haturudi nyuma tena. Kwa ulinganifu, nenda Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Huko watu walipanga mawe makavu vilevile, karne hizohizo, lakini waliyapangia mashamba: matuta na mifereji ya maji kwa maelfu ya hekta. Kule ufundi uliwekwa kwenye mpaka laini, huku ukawekwa kwenye mpaka mgumu.

Wajaluo wana utaratibu wa kuanzisha boma jipya ambao hadi leo wazee wa Ndhiwa, Mbita na Karungu wataufuata hata kama nyumba itakuwa ya mabati na vigae. Mwanamume huenda mahali papya na mwanawe akiwa na shoka na jogoo, na mke hubeba moto. Nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango. Hakuna jembe katika safari hiyo ya kwanza. Kinachotangulia ni shoka la kukatia kichaka, jogoo wa kuhesabia alfajiri, na moto. Kulima kutakuja baadaye; kwanza pawe nyumbani.

Na nyumbani panapohamwa, hapageuki pori mara moja. Wajaluo wote wanajua gunda, yaani boma lililoachwa. Udongo wake ni mweusi na wenye rutuba kwa sababu ng'ombe walilala pale miaka na miaka, na warithi hupenda kulima hapo kabla ya kwingine. Gunda pia ni hati ya ardhi kwa wasio na hati: kama babu yako alikaa hapa, alama zipo. Mzunguko wa zamani unaonekana kwa rangi ya majani hata ukuta ukiwa umekwisha. Kwa hiyo mgeni anayesimama juu ya kilima cha Gwassi akasema anaona ardhi ambayo haijaguswa, huenda anatazama ardhi iliyokaliwa, ikaachwa, ikalimwa, ikaachwa tena.

Hakuna mahali jambo hili linaonekana wazi kuliko bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, chini ya mteremko mkali wa Kanyamwa. Huko kuna Mbuga ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120, iliyoanza kama hifadhi ya wanyama mwaka 1966 na kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983. Ni mahali pekee palipobaki nchini Kenya pa kumwona korongo, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kurudi nyuma na uso wa mabaka meusi na meupe. Wageni hufurahia nyasi ndefu na ukimya, wakasema hili ndilo pori lenyewe. Lakini aliyelilinda bonde hilo miaka yote si askari wa wanyamapori. Ni mbung'o.

John Ford, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi Afrika kwa muda mrefu, aliandika mwaka 1971 kitabu kizima juu ya jambo hili. Hoja yake ilikuwa kwamba kabla ya ukoloni Waafrika hawakuwa wahanga tu wa mbung'o. Kwa kukata vichaka, kuchunga, kuchoma nyasi kwa wakati wake na kukaa kwa ukaribu, walimweka mbung'o mbali. Kisha ikaja sotoka ya miaka ya 1890, iliyofyeka ng'ombe Afrika Mashariki yote. Zikaja njaa na ndui. Zikaja amri za kuhamisha watu. Malisho yakawa vichaka, vichaka vikaleta wanyama, na mbung'o akarudi na malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu zaidi ya 200,000 kandokando mwa Ziwa Victoria upande wa Uganda, na mwambao wa Nyanza haukusalimika. Lambwe yenyewe baadaye ilifanywa eneo la makazi mapya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale ikalipuka tena humo bondeni. Ni Agosti 2025 tu ndipo Shirika la Afya Duniani lilipothibitisha kwamba Kenya imeimaliza malale kama tatizo la afya ya umma.

Nayaleta haya si kwa kutoka nje ya mada ya mawe. Nayaleta kwa sababu ukiyajua, unaelewa kwamba Thimlich na Ruma si vitu viwili vya aina tofauti, kimoja cha binadamu na kingine cha asili. Pale watu walipoendelea kushughulika, pakabaki makazi. Pale waliposhindwa kuendelea, pakawa pori. Ukuta wa mawe ulikuwa sehemu moja tu ya kazi hiyo, ile inayoonekana baada ya watu kuondoka.

Ua nao umegeuka. Mawe yalifuatwa na matuta ya udongo, matuta yakafuatwa na minyaa, ambao utomvu wake ukikuingia jichoni utajuta, na minyaa sasa inang'olewa kupisha seng'enge. Na Ruma kumewekwa ua wa umeme. Karne ya 16 watu walijizungushia ukuta, pori likabaki huru nje. Leo pori ndilo lililozungushiwa ua, na nje yake ni mahindi, alizeti, miwa ya Awendo na mashimo ya wachimba dhahabu wa Macalder. Waya ule una kazi ileile ya mawe, lakini si ufundi wa kiwango kilekile. Ukikatika mahali pamoja umekatika wote, umeme umepotea, na mkulima wa jirani hana anachoweza kufanya ila kupiga simu.

Kwa maoni yangu hapo ndipo ubora wa mafundi wa Thimlich ulipo, kuliko hata uzuri wa kuta zenyewe. Ukuta wa saruji ukibomoka unakuachia kifusi cha kutupa. Ukuta wa mawe makavu ukibomoka unakuachia mawe yaleyale, pale pale, tayari kwa kupangwa tena. Maji ya mvua hupita katikati ya mawe, hayajikusanyi nyuma yake na kuusukuma. Ardhi ikitulia upande mmoja, mawe nayo hutulia nayo bila kutoa ufa. Kwa karne kadhaa jamii mbalimbali, za Kibantu na za Kiniloti, ziliingia na kutoka humo, na kila iliyoingia ilikarabati, ikaongeza, ikabadilisha kidogo, hadi watu wa mwisho walipohama karne ya 20. Hapo huwezi kusema nani alijenga lipi. Kila aliyeokota jiwe lililoanguka akalirudisha alikuwa fundi wa Thimlich, na jina lake hatulijui.

Watu walipoondoka, ukuta ulianza kupoteza. Mizizi ya miti iliingia kwenye nyufa na kuzipanua, mifugo ikapanda, wanyama wakachimba. Mwaka 2000 World Monuments Fund iliiweka Thimlich kwenye orodha yake ya maeneo ya dunia yaliyo hatarini, na ukarabati ukafanyika miaka iliyofuata chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tangu hapo sehemu zilizoanguka zimepangwa upya kwa namna ya zamani, bila saruji, na jambo hilo linastahili pongezi, kwa maana kishawishi cha kumwaga saruji kidogo mahali pasipoonekana ni kikubwa, na kishawishi hicho kimeharibu majengo mengi ya kale nchini. Ukarabati wa namna hiyo haumaliziki. Unahitaji watu wa Kadem wanaojua kugeuza jiwe mikononi, wanaolipwa kwa kazi hiyo kila mwaka, si pale tu mfadhili anapotokea. Serikali ya kaunti ya Migori imekuwa ikitangaza Thimlich kwenye mabango ya utalii. Ingefaa zaidi kwanza iajiri mafundi wanne au watano wa kudumu na kuwapa wanagenzi.

Nawe msomaji ukienda, inama langoni kama walivyokusudia uiname, tembea ndani taratibu, na usipande juu ya ukuta kupiga picha. Ukiona kijiwe kimelegea, kiache mahali pake na umwite mlinzi wa Makumbusho aje akione.